Msokoto wa Bodi Gari Linapochomoka: Mhadhara kwa Mafundi wa Nyakato

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kufunga karakana mapema leo mkaja kusikiliza habari za chuma.

Kwenye jiliwa hapa mbele yenu kuna mabomba mawili. Yote yana kipenyo cha milimita 50, unene wa milimita 2 na urefu mmoja. La pili nimelipasua kwa grenda, mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha. Kijana wa mbele, njoo uyasokote moja moja. Mmeona wenyewe: zima limegoma, lililopasuliwa limefuata mkono. Kwa hesabu, hilo zima ni gumu kusokotwa zaidi ya mara 400 kuliko mwenzake, na uzito ni ule ule. Lakini ukiyapinda tu, bila kuyasokota, tofauti ni ndogo sana. Ndiyo maana gari linaweza kubeba mzigo mzito bila kunyong'onyea, halafu siku ya mbio za dragi, zile za kuchomoka kwenye mstari ulionyooka, likajisokota kama shuka linalokamuliwa.

Bodi ya gari dogo ni mabomba ya namna hii. Vile vizingiti vya chini ya milango ni bati mbili zilizounganishwa zikawa sanduku. Kutu ikila mshono wa sanduku hilo, umepata bomba lililopasuliwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya hapa kwetu. Gari lililowahi kubeba samaki kutoka soko la Mwaloni, maji ya barafu yakichuruzika sakafuni, au lililobeba kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, likaguliwe mishono kwa bisibisi kabla hujafikiria kuongeza nguvu ya injini. Rangi mpya isikudanganye.

Tuje kwenye kuchomoka kwenyewe, yaani gari linapoondoka kwa nguvu zote kutoka kusimama. Injini ya Toyota ya 1JZ-GTE yenye VVT-i hutoa toki, yaani nguvu ya kusokota, ya Nm (newton mita) 378. Uwiano wa gia ya kwanza ukiwa karibu 3.25, kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, inafika takriban Nm 1,230, na ukiachia klachi ghafla huzidi hapo kwa kitambo kidogo. Propela ikiizungusha difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi za nyuma, upande mmoja, injini nayo inaisukuma bodi upande wa pili. Kwa injini nyingi zilizolala kwa urefu wa gari, kona ya mbele kushoto huinuka na bodi hulalia nyuma kulia.

Chukua gari lenye ekseli nzima nyuma, kama Hilux. Propela inaikandamiza tairi ya nyuma kushoto na kuinyanyua ya kulia. Upana kati ya tairi ukiwa mita 1.5, hizo Nm 1,230 ni kama kilo 80 zinazohamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Dawa iko kwenye bodi yenyewe, kwa sababu bodi inalalia kulia. Ikiwa ngumu, inaurudisha uzito ule juu ya tairi ya nyuma kulia, na tairi zote mbili zinauma lami sawasawa. Ikiwa laini, mbele inajisokota peke yake, springi za mbele zinabeba sehemu kubwa ya kazi, na tairi ya kulia inabaki nyepesi ikizunguka bure. Gari linakwenda upande. Dereva analaumiwa, maskini, na kosa ni la chuma.

Ndiyo maana wanaoshindana huweka stabilaiza, ile fimbo inayozuia bodi kulala upande, nene nyuma na kuifungua ya mbele. Zamani, miaka ya 1960, Chrysler iliuza springi bapa za mashindano ambazo ya kulia na ya kushoto hazikufanana, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini stabilaiza nene kwenye bodi iliyolegea haina cha kushikilia. Na gari lililofunguliwa stabilaiza ya mbele lisiendeshwe mtaani. Barabara ya Musoma ina watoto wa shule. Mbio ni za mahali palipofungwa.

Magari ya Toyota Chaser, Mark II na Altezza ni habari nyingine. Difu yao imefungwa kwenye gari, haiko kwenye ekseli, kwa hiyo msukumo wa injini na ule wa difu unakutana ndani ya bodi. Tairi hazihamishiani uzito kwa sababu ya propela. Wengi husikia hivyo wakastarehe. Wasistarehe, kwa kuwa Nm 1,230 zote zinaikamua bodi kati ya maunti za injini na maunti za difu. Mlango ukianza kugoma kufunguka, bati la paa likikunjamana, kioo cha mbele kikipasuka bila kupigwa jiwe, ndizo hizo.

Basi uimarishaji uanzie pale nguvu inapoingia na uishie inapotokea. Unganisha fremu ndogo ya mbele na ya nyuma kwa bomba lililofungwa pande zote, lichomelewe kwenye sakafu njia nzima. Chaneli iliyo wazi usiniletee. Ukiongeza kipenyo mara mbili kwa unene ule ule, ugumu wa msokoto unapanda mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, unapanda karibu mara mbili tu. Keji, kile kizimba cha mabomba ndani ya gari, nayo ipelekwe hadi vichwa vya shokapu, mbele na nyuma, na iwe na mabomba ya mshazari, kwa maana mraba usio na mshazari hulala ukisukumwa. Miguu yake ikae juu ya sahani nene, la sivyo inatoboa bati. Kwa usalama wa dereva, kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, hutaka bomba la keji la inchi 1 na 5/8, unene wa milimita 3 kwa chuma cha kawaida.

Kabla ya kuchomelea, pima. Toa shokapu, funga nyuma ya gari kwenye stendi mbili, mbele ikae juu ya egemeo moja katikati. Fungia boriti kukatiza vichwa vya shokapu vya mbele, ning'iniza kilo 50 umbali wa mita moja kutoka katikati: hizo ni Nm 490. Weka geji za sindano chini ya vizingiti, kila nusu mita, pande zote mbili. Usomaji utapungua polepole kuelekea nyuma. Ukikuta kati ya geji mbili umeshuka ghafla, hapo ndipo bodi inapojisokota, na hapo ndipo pa kuchomelea kwanza. Kisha pima tena kwa uzito ule ule. Chaser iko nje juu ya stendi. Anayetaka kusoma geji aje na daftari.