Mistari ya Rola Ukutani Inatoka Wapi?

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Nipo na kaka Musa kama kawaida, na leo nina ukuta unaoninyima raha. Nimepaka chumba cha watoto rangi ya maji, rola mpya. Mchana panapendeza. Usiku nikiwasha taa, mistari tupu, juu hadi chini.

MUSA: Pole, dada. Ulianzaje?

ZUHURA: Nilipitisha brashi kona zote na kule juu karibu na dari. Nikapumzika, nikala, ndiyo nikashika rola.

MUSA: Basi rangi ya brashi ilikuwa imeshakauka. Rola ikipita juu yake, pale zinapokutana panakuwa na tabaka mbili, na taa inapaumbua. Pitisha brashi kwenye kona za ukuta mmoja tu, upana wa vidole vitatu, rola ifuate papo hapo. Ukiisha, hamia mwingine.

ZUHURA: Na feni ilikuwa inazunguka. Joto la Februari hapa Dar mnalijua.

MUSA: Feni zima mpaka umalize. Ukuta unaopigwa na jua la jioni mimi naupaka asubuhi, ungali baridi. Sasa niambie, rola ilikuwa inatoa sauti gani?

ZUHURA: Sauti?

MUSA: Ndiyo. Rola iliyoshiba rangi inapita kwa sauti laini. Ikianza kukwaruza, imekauka, rudi ukachovye. Watu wengi hapo ndipo wanapokandamiza, wanaikamua tone la mwisho. Ukikandamiza, rangi inakimbilia kwenye ncha mbili za rola na kuacha matuta mawili. Hiyo ndiyo mistari yako, dada.

ZUHURA: Nilikandamiza kweli. Nilikuwa nabania, nilinunua galoni moja.

MUSA: Chumba kina ukubwa gani?

ZUHURA: Mita 3 kwa 3.5.

MUSA: Tupige hesabu. Kukizunguka ni mita 13. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Kwenye ukuta laini lita moja inafunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mkono wa kwanza lita 3, wa pili lita 3. Galoni ya lita 4 isingekutosha, ulihitaji mbili. Na zikiwa mbili, zichanganye kwanza kwenye ndoo moja, maana rangi za makopo tofauti zinaweza kupishana kidogo.

ZUHURA: Fundi mmoja aliniambia niongeze maji tu.

MUSA: Hilo linaniuma sana. Mkono wa kwanza unaweza kuuzimua kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ukimimina kwa kukadiria, rangi inakuwa uji mwepesi, inachuruzika, na baadaye ukifuta ukuta inatoka na kitambaa. Mwenye nyumba analipa mara mbili.

ZUHURA: Haya, kupaka kwenyewe?

MUSA: Chovya, viringisha kwenye mteremko wa trei mpaka isidondoke. Chora ukutani kama herufi M, upana wa mita moja hivi, kisha jaza zile nafasi. Halafu, bila kuchovya tena, shusha rola toka juu hadi chini kwa mkono mwepesi kabisa, kila mpito uulalie kidogo ule uliopita. Sogea pembeni kabla ukingo haujakauka. Ukiona doa nyuma yako limeshaanza kukauka, liache. Mkono wa pili utalifunika.

ZUHURA: Nikisubiri mkono wa pili, rola niioshe?

MUSA: Kwa saa chache hapana. Izungushie ile nailoni iliyokuja na godoro, ikaze hewa isiingie.

ZUHURA: Na ukuta wangu ulioharibika?

MUSA: Usiku zima taa, shika tochi, iweke karibu na ukuta imulike kwa ubavu. Matuta yote yatajionyesha. Yapige msasa namba 180, taratibu, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Kisha usipake viraka. Paka ukuta mzima, kona hadi kona, bila kusimama.

ZUHURA: Hata simu ikiita?

MUSA: Hata ikiita. Watoto wapo, wataipokea.