Kazi za jamii na fomu ya chuo: mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha tano, Moshi

Wazazi na walimu wetu, shikamooni. Vijana, habari zenu.

Tuondoe kwanza jambo linalowachanganya wengi. Ukiomba chuo hapa nchini, kinachopimwa ni alama zako za kidato cha sita kwa vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Hakuna atakayekuuliza umepanda miti mingapi. Kazi za jamii zina uzito kwa anayeomba vyuo vya Marekani, hasa kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi vya huko. Fomu ile ina nafasi 10 za shughuli. Maelezo ya kila moja yasizidi herufi 150, pamoja na nafasi kati ya maneno. Kisha wanataka saa kwa wiki na wiki kwa mwaka.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaandika kwamba amejitolea kwa moyo wote kuisaidia jamii inayomzunguka. Herufi zimekwisha, msomaji hajaona kitu. Andika hivi: nafundisha hesabu watoto 14 wa darasa la tano, Rau, kila Jumamosi, naandaa mazoezi, natunza mahudhurio. Saa 3 kwa wiki, wiki 20. Kama uko bweni na unafundisha likizo tu, wiki ziwe 8, wala usione haya. Anayejaza saa 20 kwenye kila shughuli, na shughuli ziko tano, amejipa saa 100 kwa wiki. Huyo darasani anaingia lini?

Nafasi 10 si deni. Nne za kweli, ulizodumu nazo, zinashinda safari moja ya kupeleka katoni ya sabuni kwa yatima na kurudi na picha. Na wewe unayelea wadogo zako, au unayemsaidia mama kuuza ndizi Mbuyuni, fomu ina kipengele cha majukumu ya familia na kingine cha kazi. Kuzibua mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, pamoja na wazee wa kijiji nako kunahesabika, hata bila cheti.

Nunueni daftari. Kila mara andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ulichofanya, na saini ya msimamizi, siku ileile. Mwalimu atakayekuandikia barua ya kukupendekeza chuoni mpe nakala mapema, Oktoba hivi. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na Desemba shule zimefungwa, mwalimu yuko kwao kijijini, mtandao wa kubahatisha.