Tafuta Kabla ya Kuchora: Nembo ya Mteja Kwenye Kazi ya Mabango

Habari za asubuhi, wenzangu. Nimepewa nusu saa nizungumzie nembo za wateja, au logo kama wenyewe wanavyoziita, na naanza na picha ambayo hata nisipoionyesha mnaijua. Mteja ameilaza kadi yake ya biashara mezani, ameipiga picha kwa simu. Kivuli cha mkono wake kimeziba nusu ya kadi. Chini ameandika: "Logo ndiyo hiyo. Bango ni la mita tatu."

Tupige hesabu. Ndani ya picha ile nembo ilikuwa na upana wa pikseli 300. Itandaze kwenye mita 3, kila pikseli inageuka kigae cha sentimita 1 kwa 1, karibu ukubwa wa ukucha. Palipokuwa na duara panakuwa na ngazi. Ukichapa utapata ukungu. Ukitaka kukata stika hupati kitu kabisa, maana kisu cha plota, ile mashine ya kukatia stika, hakioni picha. Kinafuata mstari. Mstari usipokuwepo, hakuna cha kukata.

Hapo wengi wetu hukimbilia kile kitufe cha kugeuza picha kuwa mistari kwa mpigo mmoja. Nitakirudia, na sitakisifu. Kwanza tafuteni. Biashara ikishakuwa na miaka kadhaa, aghalabu kuna mtu aliwahi kuichora nembo yake vizuri, na faili lake bado limelala mahali.

Ugumu uko kwenye kuuliza. Ukimwambia mteja "nitumie vekta," yaani faili la mistari badala ya pikseli, atakujibu "sawa," kisha atakuletea JPEG ile ile ikiwa imevikwa PDF. Simlaumu, neno hilo si la kazi yake. Muulize maswali anayoweza kuyajibu: fulana zenu alichapa nani? Gari lenu nani alilibandika stika? Barua zenu zinaandikwa kwenye karatasi gani? Mtu hakumbuki faili, anakumbuka fundi.

Swali la barua ndilo nilipendalo zaidi. Faili la Word lenye mwisho wa docx, kwa hakika, ni furushi la zip. Lifanyie nakala, badilisha mwisho wa jina uwe zip, lifungue, kisha ingia kwenye folda ya word na ndani yake media. Picha zote zilizopachikwa kwenye barua zimekaa humo. Ukikuta PNG, haidhuru, huenda ni kubwa kuliko ulivyodhani. Ukikuta EMF, tabasamu, kwa sababu mara nyingi humo mna mistari yenyewe. Mafaili ya PowerPoint nayo ni hivyo hivyo, folda ya nje tu inaitwa ppt.

PDF ijaribu kwa macho. Ikuze mpaka asilimia elfu kadhaa. Ukingo ukibaki mkali kama wembe, umepata mistari. Ukiona vigae, umepata picha. Usidanganywe na mwisho wa jina: EPS, faili linalotarajiwa kuwa la mistari, nayo inaweza kubeba picha tupu tumboni. Kwenye tovuti ya mteja mna SVG mara nyingi, nayo ni faili la mistari, tena juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Ila hizi hazina za nembo za bure za kwenye mtandao, nina ugomvi nazo. Niliwahi kushusha nembo ya kampuni moja kutoka hazina kama hiyo, nikakata, nikapandisha bango. Meneja alitoka nje, akainua kichwa, akaniuliza manyoya ya tatu ya ndege yao yamekwenda wapi. Kumbe ilikuwa nembo waliyoiacha zamani, tena imechorwa upya na shabiki. Bango la pili lilitoka mfukoni mwangu. Tangu siku ile sikati kitu kabla mteja hajaweka sahihi kwenye mfano. Na anayeniletea nembo ya kampuni isiyo yake, namwomba barua ya idhini.

Sasa, msako ukigonga mwamba, chora. Usichore kutoka kwenye picha ya simu. Omba kadi yenyewe, iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, iweke kwenye tabaka la chini, ififishe, ifunge. Mistari ya kupinda tunayochorea imetoka kwenye viwanda vya magari: Pierre Bézier aliitumia pale Renault kuchorea mabodi, na Paul de Casteljau alikuwa akiisumbukia pale Citroën. Fundi wa bodi hataki nundu, nasi hatutaki. Duara linatosha kwa nukta 4: juu, chini, kushoto, kulia. Kile kitufe kitakupa nukta 40 kwa duara hilo hilo, maana kinafuata kila uchafu wa wino. Kisu kitatetemeka kwenye kila moja, na herufi itatoka kama imetafunwa na panya.

Kingine: ukichunguza neno lenye O na H, utaona O imezidi kidogo juu na chini. Usiikate ilingane. Mbunifu ameizidisha makusudi, maana duara lenye kimo sawasawa na H huonekana dogo kwa macho. Chora alichokusudia yeye, si alichoharibu mchapaji.

Fonti ikipatikana, msishangilie mapema. Pandisha herufi juu ya skani, tazama mguu wa R na mkia wa g, kwa sababu wabunifu hupenda kupunguza hapa na kuunganisha pale. Halafu geuza maandishi yote yawe mistari kabla ya kuhifadhi. Januari 2023 Adobe iliacha kuzihudumia fonti za Type 1, aina ya zamani ya fonti, na wenye mafaili ya zamani ambayo hayakugeuzwa wanalijua balaa hilo.

Rangi naipita haraka: msiamini kioo. Ombeni namba ya Pantone, ule mfumo wa kuzipa rangi namba, kisha linganisheni na kipande cha stika nje, kwenye mwanga wa mchana.

Turudi kwa mwenye kadi. Aliyemchapia alishafunga duka. Lakini katibu wake alikuwa na barua, na ndani ya barua mlikuwa na EMF. Alama ilitoka safi. Maandishi yalifunguka kwa fonti nyingine, ila jina la fonti halisi lilikuwa limeandikwa humo humo. Nilibaki na herufi mbili tu za kuchora kwa mkono. Bango lilipopanda, nilimpa faili la PDF na la SVG, nikamwambia alihifadhi. Hakulihifadhi. Miezi kadhaa baadaye nilipigiwa simu na mchapaji wa fulana nisiyemjua: "Fundi, nimeelekezwa kwako, eti wewe ndiye mwenye logo."