Kabla Hujang'oa Pikapu: Sauti ya Bluzi na Roki ya Zamani Inatoka Wapi

Habari za jioni, kaka na dada zangu. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyinyi mliobeba magitaa. Nitayaomba mawili matatu kabla hatujamaliza.

Nianze na hili nililolishika. Miaka kadhaa iliyopita nilitamani lilie kama magitaa ya rekodi za bluzi nilizokua nikizisikiliza. Pikapu zilizokuja nalo, yaani vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya, niliziona dhaifu. Nikatafuta pikapu kali kuliko zote nilizoweza kupata, ya sumaku ya seramiki, ukinzani wake (jinsi waya wake unavyoupinga umeme) kiloomu 16, nikaifunga upande wa daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa. Usiku ule nilifurahi sana. Kesho yake nikataka kupiga polepole, kidole kikiugusa uzi tu, ikatoka sauti nene iliyobanwa. Nikapiga kwa nguvu, ikatoka ileile. Nikapunguza volyumu ili isafike kidogo, ikawa kama nimeifunika blanketi. Mkono wangu haukuwa na kauli tena juu ya gitaa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba kosa halikuwa la ile pikapu. Ilitengenezwa kwa kazi nyingine, na ile kazi iliifanya vizuri.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: pikapu zilizotupa bluzi na roki tunayoipenda zilikuwa dhaifu. Kazi nzito ilifanywa na amplifaya iliyofunguliwa mpaka karibu na mwisho, na kazi laini ikafanywa na mkono. Chukueni mwaka 1966, mpiga gitaa Eric Clapton akirekodi na mwanabluzi John Mayall. Alikuwa na Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson, yenye pikapu za kawaida za wakati ule na amplifaya ya Marshall iliyowashwa kwa sauti ya jukwaani ndani ya studio. Ule mpasuko mtamu mnaousikia ni wa zile taa za amplifaya, vali za kioo zinazokuza sauti, zikielemewa.

Tuifungue pikapu yenyewe. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba ulioizunguka, basi. Uzi wa chuma ulio juu yake unaambukizwa usumaku kidogo, na unapotetema unautikisa uga wa sumaku, nao waya unazalisha umeme mdogo sana unaofuata mtetemo wa uzi. Waya uliotumika zaidi katika pikapu za zamani ni wa geji 42. Unene wake ni kama milimita 0.063, sawa na unywele. Pikapu ya Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ya miaka ya 50 ina mizunguko kama 8,000 ya waya huo.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Ukiongeza mizunguko, nguvu inaongezeka, hilo ni kweli. Lakini koili (huo waya uliozungushwa) yenye mizunguko mingi inazidi kuyapinga mawimbi ya juu, na ile sehemu ya sauti ambayo pikapu inaing'arisha kuliko nyingine inateremka. Kwa Stratocaster ya kawaida iliyochomekwa waya wake, kilele hicho kiko mahali fulani kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 na 5,000. Hapo ndipo penye ule mlio wa kioo, ule ukali wa kucha kwenye uzi. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, kilele chake kiko chini zaidi, ndiyo maana inasikika nene. Ukiijaza waya kupita kiasi, kilele kinashuka tena, na unabaki na sauti ya katikati iliyovimba isiyo na juu wala chini. Hiyo ndiyo niliyoinunua mimi.

Nimeitaja hambaka, nisiipite. Pikapu ya koili moja inanasa na mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao unapigapiga mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Mwaka 1955 fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, sumaku zikitazama kinyume na nyaya zikizunguka kinyume. Mvumo unaingia koili zote mbili na kujifuta wenyewe, lakini mtetemo wa uzi unajumlishwa. Zilianza kufungwa kwenye Les Paul mwaka 1957, zikiwa na kibandiko kinachosema hataza imeombwa, na hataza yenyewe ikatoka mwaka 1959. Kila koili ina mizunguko kama 5,000. Zilizungushwa kwa mashine ambazo hazikuhesabu sawasawa, kwa hiyo hakuna mbili zilizolingana kabisa, na hata koili mbili za pikapu moja zilipishana. Wasikivu wengi, na mimi nimo, wanaamini kupishana huko ndiko kunakoipa sauti uwazi, kwa sababu koili zisipolingana hazifutani kwa ukamilifu.

Ipo na pikapu ya P-90 ya mwaka 1946, koili moja pana na bapa yenye mizunguko kama 10,000. Inavuma, sikatai. Lakini kwa bluzi sijasikia pikapu inayoongea kama hiyo. Ina unene wa hambaka na makali ya koili moja. Mpiga bluzi Freddie King alianza na Les Paul ya rangi ya dhahabu yenye P-90, na ukisikiliza jinsi noti zake zinavyochoma utaelewa ninachosema.

Basi tuje kwenye tarakimu mnazoziona kwenye maboksi. Mtu ananiambia, "Mwalimu, hii ni kiloomu 8 na ile ni 9, nachukua ya 9 kwa sababu ina nguvu." Hapana. Ukinzani unakwambia waya una urefu gani na unene gani, mwisho. Waya wa geji 43 ni mwembamba zaidi, kwa hiyo mizunguko michache yake inatoa ukinzani uleule wa mizunguko mingi ya geji 42. Halafu shaba inabadilika na joto, kama asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10. Pima pikapu ya kiloomu 8.0 asubuhi ya baridi, ipime tena mchana wa jua kali, itakusomea 8.3. Haijapata nguvu yoyote hapo katikati. Tarakimu hiyo inafaa ukilinganisha pikapu mbili za aina moja, waya mmoja, sumaku moja. Nje ya hapo inapotosha.

Sumaku? Kwa sauti za zamani utakutana na alniko, mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Alniko 2 ni laini, bezi yake imelegea kidogo na noti inaanza bila kugonga. Alniko 5 ina nguvu zaidi, bezi imekaza na juu kuna mng'ao. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko wanavyoipamba wauzaji, na ni ndogo kuliko jambo ninalotaka kuwaonyesha sasa hivi.

Naomba gitaa lako, dada. Ahsante. Hili lina hambaka mbili. Ulisema ya shingoni ina matope, unataka kuibadilisha? Haya. Nabonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho kabisa, napima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Mnaona? Haifiki milimita 1. Imeinuliwa mpaka inakaribia kugusa. Nachukua bisibisi, nazungusha skrubu hizi mbili za pembeni, taratibu, mpaka ifike milimita 2.4 hivi. Ya daraja naiacha kwenye 1.6. Sikilizeni. Hiyo ni pikapu ileile, dada yangu. Matope yameondoka na umesikia jinsi noti ilivyopata pumzi. Gitaa lako lirudi mikononi mwako, na pesa yako kaa nayo kwanza.

Kwa Stratocaster jambo hili ni zito zaidi, maana pale nguzo zenyewe, vile vipande vya duara vilivyo chini ya kila uzi, ndizo sumaku. Zikiwa karibu mno zinauvuta uzi, na ukipiga noti za juu kwenye uzi mnene unasikia sauti mbili zinazogombana ndani ya noti moja. Wengi wameng'oa pikapu nzuri kabisa kwa sababu ya ugonjwa huo, kumbe dawa ni kuziteremsha.

Jambo la pili la kukagua ni poti, vile vikinzani vya kuzungusha vilivyo chini ya nobu za volyumu na toni. Pikapu za koili moja zilizoea poti za kiloomu 250, hambaka kiloomu 500. Ukikuta hambaka imefungwa na 250, trebo, yaani sauti za juu, inavuja kwenda kwenye ardhi ya umeme muda wote na utailaumu pikapu bure. Na waya wa kuchomeka kwenye amplifaya nao unakula trebo, ukiwa mrefu unakula zaidi. Badilisha hivyo viwili, inua na teremsha, halafu kaa na gitaa wiki mbili. Usiporidhika hapo, sasa tununue.

Kwa gitaa la aina ya Stratocaster, tafuta seti ya kiloomu 5.5 hadi 6.5, alniko 5. Hakikisha ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Hapo swichi ikiwa kwenye nafasi ya pili na ya nne, pikapu mbili zikilia pamoja, mvumo unakufa, na ule mlio wa mbali kidogo wa bluzi unabaki. Angalia na nguzo. Pikapu zilizoiga za miaka ya 50 zina nguzo za urefu tofauti, na ya uzi wa tatu imeinuka, kwa sababu zama zile uzi wa tatu ulikuwa umeviringishiwa waya na ulikuwa mzito. Leo wengi wetu tunafunga uzi wa tatu usioviringishwa. Juu ya nguzo iliyoinuka unaruka nje ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) kama mtu anayepiga kelele kwenye kwaya. Kama unafunga nyuzi za siku hizi, chukua nguzo zilizolingana. Mpiga gitaa Jimi Hendrix, kwa njia, alilipindua gitaa la mkono wa kulia akalipiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nguzo zake zilikaa chini ya nyuzi zisizo zake na pikapu ya daraja ikaegemea upande wa pili. Sehemu ya sauti yake iko hapo.

Kwa gitaa la hambaka, ningebaki kati ya kiloomu 7 na 8.5, alniko 2 au 5, na ya shingoni iwe dhaifu kuliko ya daraja. Uzi unatetema kwa upana mkubwa zaidi upande wa shingo. Ukifunga mbili zenye nguvu sawa, ya shingoni itaimeza mwenzake. Utaulizwa pia kama unataka iliyozamishwa kwenye nta. Zile za asili hazikuwa na nta, zinasikika wazi, zinanasa hata mgongano wa kidole. Lakini ukisimama karibu na amplifaya iliyofunguliwa sana zinaweza kupiga yowe. Mpiga bluzi wa chumba kidogo achukue isiyo na nta. Mpiga roki wa jukwaani achukue yenye nta na asijute. Mfuniko wa chuma usikutishe, ila uwe wa aloi ya nikeli, maana ule wa shaba ya njano unazima mng'ao. Pima pia upana wa nyuzi pale juu ya pikapu: kuna za milimita 50 hivi na za 53 hivi.

Telecaster, gitaa jingine la Fender, sitaiongelea sana. Mara nyingi iliyopo inatosha. Mwanabluzi Muddy Waters aliitumia, na albamu ya kwanza ya bendi ya roki Led Zeppelin mpiga gitaa wao Jimmy Page aliipiga kwa Telecaster, si Les Paul. Hilo pekee lingetosha kutufanya tusite kununua.

Kuna mtu atauliza, kwa nini basi pikapu kali zilitengenezwa? Zilihitajika. Mwaka 1972 mtengenezaji Larry DiMarzio alitoa pikapu ya Super Distortion kwa watu wenye amplifaya zisizopasuka kwa urahisi, nayo ilizisukuma mbele. Leo pedali ndogo tu miguuni inaweza kukupa mpasuko wa kila namna. Kile ambacho pedali haiwezi kukurudishia ni unyeti uliopotea kwenye koili, kabla sauti haijaufikia waya.

Mwisho, kuzifunga. Piga picha nyaya za zamani kabla hujagusa kitu. Rangi za nyaya nne za hambaka hazifanani kwa kila mtengenezaji, fuata karatasi ya pikapu yako. Ukishalehemu, washa pikapu zote mbili kwa pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, ya puani, haina bezi, zinapingana. Geuza nyaya za moja kati yake, ila kama mfuniko umeunganishwa na mojawapo ya nyaya hizo, utenganishe kwanza uupeleke kwenye ardhi peke yake, la sivyo mfuniko utaleta mvumo. Na kabla hujairekebisha, ipige kidogo uisikie. Gitaa la mpiga bluzi Peter Green lilikuwa na sumaku iliyogeuka kwenye pikapu ya shingo, akaitumia sauti hiyohiyo ya puani, na hakuna aliyeisikia akaisahau.

Halafu teremsha volyumu ya gitaa mpaka 6, fungua amplifaya mpaka ianze kupasuka ukipiga kwa nguvu na isafike ukipiga kwa upole. Kama mkono wako peke yake unaweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, umepata pikapu yako. Sasa wewe kaka wa nyuma mwenye Strat nyekundu, uliniambia noti za juu zinagombana. Ilete hapa mbele, bisibisi bado ninayo.