Karatasi nne, mlima mmoja: tuchore migodi na mgao wa ardhi wa Allendale, 1792

Habari zenu watazamaji. Leo tunachora. Ukimaliza video hii utakuwa na ramani ya tabaka nne ya bonde la Allendale, kaskazini mwa Uingereza, kama lilivyokuwa miaka ya 1790, na utaweza kumwonyesha mtu kwa kidole kimoja nani pale alikuwa na majani, nani alikuwa na jiwe, na nani alikuwa na njia. Nimewahi kulieleza jambo hili kwa mdomo mtupu, na kila mara wasikilizaji walinipotea tukifika kwenye neno "ardhi". Ardhi ya Waingereza wa karne ya 18 ilikuwa na ghorofa. Basi na tujenge ghorofa.

Vifaa ni vya dukani tu. Boksi gumu, liwe pana kama madaftari makubwa mawili yaliyofunguliwa. Karatasi nyeupe moja inayolienea. Nailoni angavu, ile ya kufunikia madaftari ya shule, kata vipande vitatu vilingane na karatasi. Penseli, rula, pini nne, na maka peni nne: nyekundu, nyeusi, kijani na bluu. Usichukue nailoni yenye maua. Mimi mara ya kwanza nilichukua hiyo, migodi yangu yote ikaota waridi.

Karatasi nyeupe ndiyo chini ya ardhi. Ibandike kwenye boksi kabisa, kwa sababu hii haitoki. Kwa penseli hafifu chora mito miwili kama herufi Y iliyopinduliwa: mguu wa kulia ni East Allen, wa kushoto ni West Allen. Yote inatoka kusini, milimani, inakutana, halafu inakwenda kaskazini kumwaga maji yake kwenye South Tyne. Ncha ya mguu wa kulia andika Allenheads. Ncha ya mguu wa kushoto andika Coalcleugh. Hivyo ni vijiji vya migodi, viko juu, kuna baridi, na shayiri inaiva kwa shida.

Sasa chukua nyekundu. Piga mistari mirefu inayokata milima kwa ulalo, ukivuka mito bila kujali. Hiyo ni mishipa ya risasi. Naam, risasi ile ile ya bunduki, lakini pia ya mabomba ya maji, mapaa ya makanisa na madirisha. Usiishie kwenye mpaka wa shamba la mtu, maana mshipa haujui mpaka.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu karatasi hii ndiyo yenye fedha, tena kwa maana zote mbili. Kwetu Tanzania mtoto wa shule anajua kuwa madini ni mali ya taifa. Ukikuta dhahabu shambani kwako, shamba ni lako, dhahabu inahitaji leseni. Uingereza ilikuwa vingine. Dhahabu na fedha zilikuwa za mfalme, madini mengine yalimfuata mwenye ardhi. Tatizo ni kwamba mawe ya risasi mara nyingi yana fedha kidogo ndani yake. Mwaka 1568, katika kesi ya migodi ya shaba karibu na Keswick, mahakama ilimnyang'anya Earl (cheo cha bwana mkubwa) wa Northumberland shaba yake ikampa Malkia Elizabeth, kwa hoja kwamba shaba hiyo imechanganyika na madini ya kifalme. Basi mwenye mgodi yeyote angelalaje usingizi? Haikuisha hadi Bunge lilipopitisha sheria mbili, mwaka 1689 na 1693, za kuwahakikishia wenye migodi ya shaba, bati, chuma na risasi kwamba migodi ni yao hata kama ina fedha ndani. Bila sheria hizo mbili, usingechora karatasi hii kwa wino. Ungechora kwa penseli.

Pembeni andika jina la mwenye karatasi. Nitamwita mwinyi, maana neno letu linamfaa: mtu mwenye eneo zima, mwenye baraza lake, anayepokea kodi za wengine. Huku Allendale mwinyi alikuwa ukoo wa Blackett tangu mwishoni mwa karne ya 17. Sir Walter Calverley Blackett aliishika hadi alipofariki mwaka 1777, kisha Sir Thomas Wentworth Blackett hadi 1792, halafu ikamwangukia Diana Beaumont na mumewe.

Kama una nafasi upande wa kushoto, nje ya mguu wa West Allen, andika Alston Moor. Ni ng'ambo tu ya mlima, mishipa ni ya jamii moja, ila mwenyewe ni mwingine, na kisa chake kinanifurahisha kuliko vyote. Earl wa Derwentwater, James Radclyffe, alijiunga na uasi wa 1715 wa kumrudisha mfalme wa ukoo wa Stuart. Alikamatwa Preston, akakatwa kichwa London Februari 1716. Mali yake ikataifishwa, na mwaka 1735 mapato yake yakapewa Greenwich Hospital, makao ya mabaharia wazee wa jeshi la majini, kando ya mto Thames. Kwa hiyo babu aliyepoteza mguu baharini alikula mkate uliotoka kwenye risasi ya mlima ambao hakuwahi kuuona. Hospitali haikuchimba yenyewe. Ilikodisha, hasa kwa London Lead Company, kampuni ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, na sehemu yake ya kawaida ilikuwa moja ya tano ya mawe yaliyotolewa. Wenzetu wa Geita wanaogawana mifuko kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hawahitaji maelezo zaidi hapo. Mmoja wa wasimamizi wa hospitali alikuwa John Smeaton, mhandisi yule wa mnara wa taa wa Eddystone. Yeye ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki refu la kutoa maji migodini kwenye bonde la Nent, hukohuko Alston Moor, likaanzwa mwaka 1776, pana kiasi cha kupitisha mashua. Haya, turudi Allendale kabla karatasi haijajaa.

Weka nailoni ya kwanza juu na uichome pini pembeni. Hii ni uso wa nchi. Kwa maka peni nyeusi fuata mito yako ya penseli, safari hii ikolee. Kandokando ya mito, chini bondeni, chora mashamba madogo yasiyo na umbo, moja kama figo, jingine kama kiatu. Rula iache mezani. Mashamba haya ni ya zamani, yaliumbwa na miguu ya watu na ng'ombe. Weka alama ya nyumba hapa na pale, zaidi kuelekea Allenheads, kwa kuwa wachimbaji wengi walikuwa pia na kishamba, ng'ombe mmoja, labda wawili.

Kisha chora njia. Kutoka migodini, mstari mwembamba wa nukta uende kaskazini mashariki hadi Dukesfield, kusini mwa Hexham, kilikokuwa kiwanda cha akina Blackett cha kuyeyushia, na kutoka huko uendelee hadi Blaydon, kando ya mto Tyne, walikotenganisha fedha na risasi. Kila nukta ni farasi mdogo mwenye mzigo mgongoni. Misafara ya farasi, mmoja nyuma ya mwingine, ikikata milima bila barabara. Kumbuka hizi nukta, tutazihitaji.

Wakati wino unakauka, nikuonyeshe jinsi msimamizi wa migodi ya mwinyi alivyokuwa akiendesha hiyo karatasi nyekundu kutoka huku juu. Chukua karatasi chakavu, andika mapatano ya kubuni: wachimbaji wanne, miezi mitatu, mahali fulani kwenye mshipa, bei kwa kila bing ya mawe yaliyooshwa. Bing ni kipimo cha kule, karibu kilo 400. Mishahara ya siku haikuwepo kwa wachimbaji hawa. Kikundi kilipatana bei na msimamizi, kikapewa posho ndogo ya kuishi, na hesabu kubwa ikafungwa mara nyingi mara moja kwa mwaka: toa posho, toa mishumaa, toa baruti, toa kunoa vyuma, kinachobaki ndicho chenu. Mshipa ukinenepa mnacheka. Ukikonda mnaingia mwaka mpya na deni. Na msimamizi aliyeujua mshipa alipunguza bei robo inayofuata pale ulipokuwa mnono. Ndiyo sababu nasema kazi yake ya kwanza ilikuwa macho, uhasibu ukafuata.

Nailoni ya pili ni ya kijani. Paka milima yote iliyo juu ya mashamba, yote kabisa, mpaka kilele. Hii ni ardhi ya pamoja. Usiite ardhi isiyo na mwenyewe. Utakosea kama walivyokosea wengi. Udongo ulikuwa wa mwinyi, lakini wenye mashamba bondeni walikuwa na haki juu yake: kulisha kondoo na ng'ombe, kuchimba ule udongo mweusi wa majani yaliyooza unaokaushwa na kuwashwa kama kuni, kukata majani magumu ya kuezekea. Chora alama ndogo za kondoo. Mimi kondoo wangu hutoka kama mawingu, hakuna shida. Na hapa ndipo zile nukta zako nyeusi zilipokuwa zikila: farasi wa mizigo waliachwa kuchunga milimani njiani, bure. Gharama ya kusafirisha risasi ilitegemea majani ya watu wengine. Wachimbaji nao walitumia uso huu huu. Walizuia maji kileleni kwa bwawa la udongo, wakalifungua kwa ghafla, mafuriko yakasomba udongo hadi mshipa ukawa wazi. Makovu ya kazi hiyo bado yanaonekana kwenye milima ile.

Sasa nailoni ya mwisho, ya bluu, na hii ndiyo ya rula.

Mwaka 1792 Bunge lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya pamoja ya Hexhamshire na Allendale. Utaratibu wa sheria za namna hii ulikuwa hivi: wenye mali kubwa wanaandika ombi, tangazo linabandikwa mlangoni mwa kanisa, muswada unapita, makamishna wanateuliwa, mpimaji anatembea na mnyororo wake, na kila mwenye haki analeta madai yake. Asiye na shamba, aliyekuwa akichunga kwa mazoea tu, hana cha kudai. Hesabu ilikuwa ya thamani ya mali, vichwa vya watu havikuhesabiwa. Hati ya mgao wa Allendale ilitoka mwaka 1800, miaka minane baadaye. Wanasheria na wapimaji walikula vizuri.

Weka rula. Piga mistari iliyonyooka kutoka kwenye mashamba ya bondeni kwenda juu mlimani, kama vipande vya mkate. Hiyo ni mafungu mapya. Kila mstari ni ukuta wa mawe usio na chokaa, na gharama ya kuujenga ni ya aliyepewa fungu. Tofauti unaiona mwenyewe: bondeni figo na viatu, juu mistatili. Ukipita kule hata leo unaweza kutambua kwa jicho ukuta wa kale na ukuta wa makamishna. Acha njia pana zilizonyooka katikati ya kuta. Halafu, juu kabisa, acha eneo kubwa bila mstari. Huko hakukukatwa vipande. Kuliachwa malisho ya pamoja ya kuhesabiwa, kila mwenye haki akapewa idadi ya mifugo anayoruhusiwa kupandisha.

Mwinyi alipata nini? Katika sheria nyingi za aina hii kaskazini alipewa fungu lake kufidia udongo, mara nyingi karibu moja ya kumi na sita. Watu hulitazama fungu hilo wakasema, mbona dogo. Hawajatazama kifungu kinachofuata, kile kinachombakizia madini yote chini ya ardhi iliyogawiwa, pamoja na ruhusa ya kuingia, kuchimba mashimo, kupitisha maji na kufanya njia. Kwenye nchi ya makaa ya mawe, upande wa Durham, haki ya njia ilikuwa na thamani kuliko shamba lenyewe, maana makaa yasiyofika mtoni ni mawe tu. Mwaka 1726 matajiri kadhaa waliungana kugawana migodi na njia hizo. Daraja la Causey, lililojengwa kwa ajili ya mabehewa ya makaa yaliyovutwa na farasi, bado limesimama na upinde wake wa mita 31 hivi.

Jaribio la mwisho. Weka tabaka zote nne, pini zikiwa mahali pake. Chagua fungu moja la bluu lililo juu ya mstari mwekundu, la mtu mwenye ng'ombe wawili. Weka kidole. Toa nailoni ya bluu: ukuta wake umeondoka, na deni la kuujenga. Toa ya kijani: kondoo wameondoka, na majani waliyokula farasi wa Dukesfield. Toa nyeusi: nyumba na njia. Kidole hakijasogea. Chini yake kuna mstari mwekundu, na pembeni mwa karatasi kuna jina lile ulilolitangulia kuandika.