Mwenye Ufunguo na Mwenye Kiwanda: Kampuni Mbele ya Sheria ya Jinai

Wazee wangu wa Kirumba, shikamooni. Wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi wa sheria kutoka Malimbe, habari za mchana.

Nitaanza na mfano wa kubuni, asije mtu akasema nimemsema. Kuna kiwanda cha minofu ya samaki hapa Ilemela, Mwanza. Vyumba vya baridi vinatumia amonia. Mlango wa dharura umetiwa kufuli, maana menejimenti inaogopa minofu kupitishwa nyuma usiku. Bomba linapasuka, gesi inajaa, vibarua watatu wanafia mlangoni. Polisi wakifika wanamkamata nani? Mlinzi mwenye ufunguo!

Mlinzi atasema aliagizwa na msimamizi wa zamu. Msimamizi naye, utaratibu aliukuta. Meneja uzalishaji anasema usalama si idara yake. Mkurugenzi yuko Dar es Salaam, hata huo mlango haujui. Kila mmoja ana kipande cha kosa, ilhali sheria ya jinai tuliyoirithi inamtafuta mwenye kosa zima.

Si kwamba sheria zetu zimeisahau kampuni. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaihesabu kampuni kuwa mtu. Kazi iko kwenye ushahidi: uzembe wa kampuni unausoma katika kichwa cha nani?

Waingereza, tuliochukua kwao kanuni hizi, walikwama hapohapo. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko chao, Herald of Free Enterprise, kiling'oa nanga Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Baharia wa kuifunga alikuwa amelala. Maji yakaingia sitaha ya magari, kivuko kikalala ubavu, watu 193 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa manahodha walishaomba kwa maandishi wawekewe taa ya kuwajulisha kama milango imefungwa. Wakubwa ofisini walilipuuza ombi hilo, tena kwa kejeli. Lakini kesi dhidi ya kampuni ilianguka mwaka 1990, kwa kuwa hakupatikana kigogo mmoja wa kubebeshwa uzembe wote. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani kule kwa kuua bila kukusudia, mwaka 1994, ilikuwa kampuni ndogo. Mkurugenzi wake alifungwa. Kumbe ukitaka kuponyoka, kuwa mkubwa.

Ndipo wakatunga sheria mwaka 2007, ikaanza kutumika Aprili 2008. Sasa mahakama inaangalia jinsi uongozi wa juu ulivyoendesha na kupanga shughuli. Faini haina kikomo, na kampuni inaweza kuamriwa itangaze kosa lake hadharani. Mimi nakipenda zaidi kipengele kingine: sheria hiyo inazifikia hata idara za serikali.

Sisi wa ziwani tunajua kwa nini. MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996, ilikuwa ya Shirika la Reli. MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, ilikuwa chini ya TEMESA, wakala wa serikali. Uwezo wake watu 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe, akaivunja bodi ya TEMESA. Sawa, lakini kuvunja bodi ni uamuzi wa utawala. Siyo hukumu.

Mtaniambia faini ya shirika la umma inalipwa na mlipa kodi, yaani na mfiwa mwenyewe. Kweli kabisa. Kwa hiyo kwa mashirika hayo ningetaka mahakama itoe amri ya kurekebisha kasoro kwa muda maalumu, na mkurugenzi aliyeonywa akanyamaza ashtakiwe kwa jina lake. Hapo Waingereza hatuwaigi: sheria yao ya 2007 haimgusi mtu binafsi.

Na vibarua mnaoletwa na mawakala wa ajira? Kiwanda kisiseme "hao si wafanyakazi wangu" kikaachiwa. Mlango ni wake.

Kesi hizi zinaishi kwa karatasi. Manahodha wale waliandika, ndiyo maana tunajua. Ukiona kufuli pale mlangoni, andika barua yenye tarehe, mpe meneja, nakala peleka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na nakala yako ikae nyumbani, si kwenye kabati la ofisi. Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma.