Oldsmobile: Gari la Katikati Lililozaliwa na Kufia Lansing

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma, asanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie gari moja, Oldsmobile. La mwisho lilitoka kiwandani mwaka 2004, hapa hapa Lansing, jimbo la Michigan, kwa hiyo vijana wengi mnalijua kwa jina tu. Ila jina lenyewe mnalikanyaga kila siku. Ile barabara kuu ya I-496 inayokata mji imepewa jina la mwanzilishi wake, R. E. Olds. Na wanaosoma uhandisi pale chuo kikuu cha jimbo, East Lansing, wana deni kwake: jengo la uhandisi lilipoungua mwaka 1916, yeye ndiye aliyetoa dola 100,000 lijengwe upya.

Mimi ni fundi. Nilijifunza kazi hii nyumbani chini ya mwembe, na hata leo gari nalitazama kuanzia chini ya boneti. Ndiyo maana swali langu kuhusu Oldsmobile ni la mteja aliyesimama mbele ya muuzaji na pesa mkononi: hili ni ghali kuliko lile, sasa nyongeza hii nalipia kitu gani? Kwa miaka mingi Oldsmobile ilikuwa na jibu la swali hilo, tena jibu la kushikika kwa mkono. Siku ilipokosa jibu, ilianza kufa, ingawa mauzo bado yalikuwa yanapanda.

Ransom Olds alikuwa mtoto wa fundi. Baba yake alikuwa na karakana ndogo hapa mjini, na kijana akakulia humo, kwenye moto na vyuma. Mwaka 1897 akasajili kampuni ya magari. Miaka miwili baadaye, kwa fedha za tajiri mmoja aitwaye Samuel Smith, wakajenga kiwanda Detroit, na Machi 1901 kiwanda hicho kikateketea. Husimuliwa kwamba gari moja tu la mfano liliokolewa, dogo kuliko yote, likasukumwa nje kwa mikono. Iwe ndivyo ilivyokuwa au hadithi imetiwa chumvi, ni gari hilo dogo walilolishikilia baada ya moto.

Lilikuwa hivi. Injini ya silinda moja, imelazwa chini ya kiti. Usukani hakuna, kuna mkono wa chuma kama usukani wa mashua, unausogeza kulia au kushoto. Ubao wa mbele umepindwa kama sehemu ya mbele ya kigari cha theluji. Unaliwasha kwa kuzungusha hendeli iliyo ubavuni, na nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma kwa mnyororo. Bei dola 650. Mwaka ule wa moto walitengeneza magari 425 tu, lakini miaka mitatu baadaye walikuwa wanahesabu kwa maelfu, na hakuna gari Marekani lililowahi kutengenezwa kwa wingi kama huo kabla yake. Kwa kuwa hawakuwa na kiwanda kizima, kazi waligawa: injini nyingine zilitoka kwa Henry Leland, gia zilitoka kwa ndugu wawili wa Dodge. Watu hao wote baadaye wakaja kuwa na magari yao wenyewe. Na Lansing wakaona nafasi, wakatoa ardhi, gari likarudi nyumbani.

Kisha familia ya Smith ikataka magari makubwa ya bei juu. Olds alitaka kubaki na dogo. Wakashindwana, akaondoka mwaka 1904, akaanzisha kampuni nyingine mji huu huu na kuipa herufi za jina lake, REO. Mwaka 1908 Oldsmobile ikanunuliwa na General Motors (GM), shirika jipya la William Durant.

Sasa sikilizeni kisa hiki, maana ndani yake kuna mbegu ya yote yatakayokuja. Inasimuliwa kwamba Durant alifika Lansing na bodi ya mbao ya Buick, gari jingine la GM. Akaagiza ikatwe kwa msumeno, kwa urefu na kwa upana. Vipande vinne vikawekwa sakafuni, vikasogezwa inchi chache kila upande. Akawaambia, hili ndilo Oldsmobile lenu jipya. Gari kubwa kidogo kuliko Buick, bei kubwa zaidi. Likauzwa, tena vizuri.

Utaratibu wenyewe ulikuja na Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa GM mwaka 1923. Alilipanga shirika kama ngazi. Kidato cha chini Chevrolet, juu yake Pontiac, katikati Oldsmobile, kisha Buick, na juu kabisa Cadillac. Kijana anaanza na Chevrolet. Akipandishwa cheo, akioa, akipata nyumba, anapanda kidato kimoja bila kutoka ndani ya GM. Oldsmobile lilikuwa gari la karani mkuu, la mwalimu mkuu, la daktari wa mji mdogo asiyependa kujionyesha. Ni mahali pagumu pa kukaa, hapo katikati. Wa chini wanakuuliza kwa nini umewazidi bei, na wa juu hawakuhesabu.

Oldsmobile walijibu kwa ufundi. GM walilitumia kujaribia mambo mapya, kwa sababu mteja wake alikuwa na fedha kiasi cha kulipia jambo jipya, na si tajiri wa kuudhika likiwa na kasoro ndogo. Magari ya mwaka 1940 yalikuja na Hydra-Matic, gia otomatiki kamili ya kwanza kuzalishwa kwa wingi. Klachi ikaondoka miguuni. Sisi leo tunaona kawaida, lakini fikirieni mtu aliyehangaika miaka kumi na klachi kilimani, leo anakanyaga mafuta tu na gari linabadili gia lenyewe. Ni gia hizo hizo zilizoingizwa kwenye vifaru vyepesi vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1949 ikaja injini waliyoiita Rocket, V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye valvu juu ya silinda, nguvu za farasi 135. Wakaiweka kwenye bodi nyepesi, wakaliita 88. Mwaka huo huo NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, ilianza mbio za magari ya kawaida, na bingwa wa kwanza, Red Byron, alishinda kwa 88. Mwaka 1962 wakatoa Jetfire yenye turbo. Mwaka 1966 Toronado, gari kubwa la V8 lenye kuvutwa na magurudumu ya mbele, jambo ambalo Marekani haikuwa imelifanya tangu miaka ya 1930. Mimi kama fundi navua kofia. Injini ya lita 7 imekaa mbele, gia imewekwa ubavuni mwake, na kati yao mnyororo mpana wa chuma unapeleka nguvu. Watu wengi walisema ungekatika, na haukukatika.

Kwa hiyo mteja akiuliza nyongeza ni ya nini, muuzaji anafungua boneti: hii ni Rocket, huipati kwenye Chevrolet. Mwaka 1976 Cutlass, mojawapo ya Oldsmobile, ikawa gari linalouzwa kuliko yote Marekani, na mwaka 1977 Oldsmobile ikauza zaidi ya magari milioni moja kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo huo wa milioni, mambo yakafichuka. Mteja mmoja wa Chicago alipeleka Oldsmobile yake mpya kwa fundi, na vipuri vya Oldsmobile vikakataa kuingia. Fundi akaikagua. Injini ilikuwa ya Chevrolet. Rocket zilikuwa zimepungua kwa wingi wa wateja, kampuni ikachukua injini za jirani wa chini ikazipachika bila kumwambia mtu. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois akashtaki, kesi zikafuatana, GM ikalipa fidia.

Wakubwa wa kampuni hawakuelewa hasira ile inatoka wapi. Injini ya Chevrolet ilikuwa nzuri, na mimi nakubali. Lakini yule mtu alikuwa amelipia kidato, na sasa ameambiwa kidato ni rangi tu.

Halafu dizeli. Hapa naomba mnivumilie, maana hili linaniuma kama fundi.

Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, serikali ikaweka sheria ya kupunguza matumizi, na Oldsmobile wakapewa kazi ya kutengeneza V8 ya dizeli, lita 5.7. Ikatoka kwenye magari ya mwaka 1978. Ili mashine zile zile za kiwandani zitumike, waliiga mpangilio wa injini yao ya petroli. Bloku waliiimarisha, lakini bolti za kubana silinda hedi waliziacha kwa idadi ile ile na mahali pale pale. Sasa fikirini. Injini ya petroli ya wakati ule inabana hewa mara 8 hivi. Dizeli ile ilibana zaidi ya mara 22. Bolti zinavutika, hedi inanyanyuka unywele mmoja, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inapasuka, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Pistoni ikipanda inakuta maji, na maji hayabanwi. Konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni, inapinda, na injini imekwisha.

La pili ni dogo zaidi, na kwangu ndilo baya zaidi. Hawakuweka kitenga maji kwenye njia ya dizeli. Fundi wetu yeyote anajua jambo hili kabla hajajua kusoma geji. Mimi nikiwa mwanagenzi, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulala chini ya gari, kulegeza kile kizibo cha plastiki chini ya chujio, na kukinga kopo. Kwanza yanatoka maji, unayaona yamejitenga chini, meupe. Unasubiri mpaka ije dizeli tupu yenye rangi yake, unafunga, unapampu kwa mkono mpaka pampu inakaza. Dakika tano. Magari yale hayakuwa na mahali pa kufanya hivyo, na dizeli ya vituo vya Marekani wakati ule mara nyingi ilikuwa na maji. Pampu na nozeli zikashika kutu. Wenye magari wakamimina spiriti ya kukausha maji, kama walivyozoea kwenye petroli, na spiriti ikala mipira ya ndani ya pampu.

Bloku ilirekebishwa baadaye, na injini za mwisho zilikuwa na nafuu kubwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kukata shauri. Mwaka 1985 dizeli ile ikaachwa. Gari lililojengwa juu ya sifa ya ufundi lilikuwa limewaacha watu barabarani kwa kosa la ufundi.

Wakati huo huo ngazi ilikuwa inalainishwa. Agosti 1983 jarida la biashara la Fortune liliweka magari manne ya GM kwenye jalada, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick, yote ya rangi moja. Ukiziba majina huwezi kuyatofautisha. Ni msumeno wa Durant kinyumenyume: safari hii hata zile inchi chache hazikuongezwa. Hata hivyo mwaka 1985 mauzo yalipita tena milioni. Mti ukikatwa mizizi, majani hubaki mabichi siku kadhaa.

Walioshtuka wakakimbilia matangazo. Mwaka 1988 wakaja na maneno maarufu, kwamba hili si Oldsmobile la baba yako. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kulinunua kweli alikuwa ni huyo baba, na aliambiwa hadharani kwamba gari lake ni la aibu. Mtoto naye aliangalia, akaona bodi ile ile ya Buick, akaenda zake kununua Honda. Mwaka uliofuata Honda Accord ikawa gari la kwanza kwa mauzo Marekani, na Accord nyingi zilitengenezwa Ohio, jimbo jirani, na Wamarekani. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kosa lilikuwa la mfanyakazi wa Marekani, msimkubalie.

Aurora ya 1995 lilikuwa gari zuri, lenye V8 yake na sura yake. Waliliona haya jina kiasi kwamba neno Oldsmobile ni shida kulipata kwenye bodi. Tarehe 12 Desemba 2000 GM ikatangaza kwamba Oldsmobile litaachwa. Kwa umri wake wote yalikuwa yametoka magari zaidi ya milioni 35.

La mwisho lilikuwa Alero, rangi ya zambarau nyekundu iliyoiva. Lilishuka kwenye laini hapa Lansing tarehe 29 Aprili 2004, na mwaka uliofuata kiwanda chenyewe kikafungwa, kisha kikabomolewa. Kabla halijatolewa nje, wafanyakazi walifungua boneti, wakapokezana kalamu, wakaandika majina yao ndani.